Shilingi ishirini na tano za Ami

Ami yangu ana boti na ana daftari. Boti ina mashine ya nguvu za farasi 40 na hubeba abiria na mizigo kati ya Amu, yaani mji wa Lamu, na kisiwa cha Pate: Mtangawanda, Faza, Kizingitini. Daftari ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo huandikwa kila lita ya petroli inayotiwa tangini, kwa sababu wanawe wawili hupokezana zamu, na hesabu ya jioni isipolingana chakula cha usiku hakiliki kwa amani.

Mwaka 2024 alinikamata nikipita gatini. "Ndoo hapa, mwanangu. Wewe si ndiwe msoma magazeti ya serikali? Katika lita moja hii, ya barabara ni ngapi?"

Nikamwambia tozo ya kudumisha barabara ni Sh25 kwa lita. Zilikuwa 18, zikapandishwa Julai.

Akalamba ncha ya kalamu, akaandika. Lita 30 kwenda na kurudi Kizingitini, mara 25. Sh750. Akalitazama jibu, akanitazama mimi.

"Sasa Mkanda watiwa lami lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa msomaji asiyepajua: Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa wapita ukipiga soga. Yakipwa, nahodha hupunguza mashine, akaanza kuusoma mchanga kwa macho, na siku mbaya wanaume wazima hukunja suruali wakashuka kusukuma. Ukikataa Mkanda itakubidi uzunguke nje ya Manda, bahari kuu, na msimu wa kusi, upepo mkali wa kusini, hilo si jambo la kumfanyia mama mwenye mtoto mgongoni. Kwa watu wa Pate, Mkanda ndiyo barabara kuu. Haina namba wala ardhi ya hifadhi pembeni, na tozo ya kudumisha barabara hulipwa humo kila siku, lita kwa lita.

Swali la Ami limenikaa kichwani tangu siku hiyo, nami ndiye niliyepaswa kuwa na jibu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani katika ofisi moja ya umma, sitaitaja, na barua yangu ya ajira ilisema kazi yangu ni "kufuatilia masuala ya kisheria ya uchukuzi na miundombinu". Nyumbani walidhani najenga barabara. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma.

Gazeti Rasmi la Kenya, ambamo serikali huchapisha matangazo, miswada na amri zake, hutoka kila Ijumaa, na katikati ya wiki huchomoza matoleo maalum ambayo hayana siku. Ukiwa mgeni wa kazi hii utalipenda la Ijumaa kwa kuwa lina utaratibu. Ukikomaa utayaogopa yale maalum. Nilikuwa na orodha ya maneno niliyoyasaka kila ukurasa: barabara, bandari, gati, kivuko, mafuta, tozo, leseni, hifadhi. Mswada unaoitwa wazi mswada wa barabara hausumbui, kila mtu ataupigia kelele. Unaosumbua ni ule wa Marekebisho Mbalimbali ya Sheria, gunia ambamo serikali hutia vifungu vya sheria ishirini zisizohusiana. Humo, kati ya kifungu cha madaktari wa mifugo na kifungu cha mawakili, unaweza kukuta mistari mitatu inayohamisha mamlaka ya barabara yako kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mistari mitatu! Nimeisoma miswada ya namna hiyo usiku, umeme umekatika, kwa tochi ya simu.

Ukishaukuta mswada, swali la kwanza si kama ni mzuri au mbaya. Swali ni: huu unahusu kaunti au hauhusu? Katiba ya 2010, kifungu cha 110, inataka maspika wawili, wa Bunge la Taifa na wa Seneti, waamue hilo kwa pamoja kabla mswada haujaanza safari. Wakisema unahusu kaunti, utapita Seneti. Wakisema hauhusu, Seneti itausoma magazetini kama wewe na mimi. Watu wengi hupigana na mswada ukiwa umeshafika mbali, wakati mlango wenyewe ulifungwa siku ya kwanza kwa barua baina ya maspika wawili. Mlango huo umewahi kuzua balaa. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, na ingawa Mahakama ya Rufaa mwaka uliofuata ilibadili sehemu ya uamuzi huo, kwa miezi kadhaa sisi makarani tulitembea vifua mbele.

Kwa nini Seneti, na si wabunge wetu wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi na mwakilishi wa wanawake wa kaunti? Ni hesabu tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Nairobi walikuwa 4,397,073. Bungeni, viti vitatu vyetu ni tone ndani ya pipa. Lakini katika Seneti, jambo linapohusu kaunti, kifungu cha 123 chasema kila ujumbe wa kaunti ni kura moja. Nairobi moja, Lamu moja. Zinatakikana 24 kupitisha. Nilipomweleza Ami haya alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi huko ndiko kwa kukaa barazani." Ndivyo. Ofisi ya kaunti ndogo inayojua kazi yake humwandikia seneta wake mapema, ukurasa mmoja usiozidi, wenye namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno tunayotaka yawepo, na sababu kwa sentensi mbili. Ukimpa kurasa kumi na mbili atazibeba kwa heshima na hatazisoma. Si kosa lake, kila kaunti inampigia simu.

Turudi kwenye zile Sh25. Tozo hiyo hukusanywa kwa lita ya petroli na dizeli, na sheria yake ya mwaka 1993 ilikusudia fedha za kutunza barabara. Ugatuzi ulipokuja, kazi na fedha zikashushwa kutoka Nairobi hadi kaunti, barabara ziligawanywa. Orodha iliyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi Januari 2016 iliweka barabara za taifa karibu kilomita 39,995 na za kaunti 121,456. Ukizitazama namba hizo utadhani pesa nazo zilifuata. Kwa miaka kadhaa kaunti zilipata sehemu, kisha zikakatwa, na mzozo haujapata kupoa tangu hapo. Mwaka wa fedha wa 2024/25 uliwaka kwa Sh10.5 bilioni: Seneti ikitaka ziende kaunti, Bunge la Taifa likitaka zibaki kwa mamlaka za barabara za taifa, zikiwemo zile zinazotengeneza barabara za vijijini kwa kupitia maeneo bunge. Mswada ukapelekwa kamati ya upatanishi, kila upande ukaleta watu wake, na mazungumzo yakakwama. Magavana wakatishia kufunga shughuli. Niliyafuata mabishano hayo siku kwa siku kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, na nakiri kwamba kwa ufundi wa maneno wabunge walitushinda. Walisema mwananchi hajali nani amechonga barabara, anajali barabara imechongwa. Jibu zuri la hilo ni kumuuliza nani atampigia simu ikiharibika. Sikulisikia likitolewa.

Katika kurasa zote nilizozisoma za mzozo huo, kila aliyesema alisema habari za magari. Lori, matatu, trekta la kuchonga, kilomita. Wabunge na maseneta vilevile. Mimi sikumlaumu mtu. Anayetoka Kakamega atawazaje kwamba kuna mahali nchini mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti? Hata neno "barabara" lenyewe latupiga chenga. Kiamu twasema "ndia", yaani njia, na mtaa mkubwa wa mji wetu unaitwa Ndia Kuu, nao ukinyoosha mikono miwili wakaribia kugusa ukuta huku na huku. Punda wawili wenye mawe ya matumbawe wakikutana, mmoja hurudi nyuma au wenye punda hutukanana kwanza. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2001. Katika lugha ya sheria za uchukuzi, Ndia Kuu sina hakika ni kitu gani.

Lakini Katiba haikutusahau, na hili ndilo ninalotamani kila kijana wa Lamu alikariri kama Fatiha. Fungua Jedwali la Nne. Sehemu ya pili, ya kazi za kaunti, kipengele cha tano: uchukuzi wa kaunti. Zimetajwa barabara za kaunti, taa za mitaani, magari na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani. Halafu mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni: vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Vivuko na bandari ni kazi ya kaunti. Sasa rudi sehemu ya kwanza, ya serikali ya taifa, kipengele cha 18: reli, mabomba, usafiri wa anga, na usafiri wa majini. Haya, Mkanda ni nini? Ukiuita njia ya usafiri wa majini, ni wa Nairobi. Ukiuita mlango wa kivuko, ni wetu. Gati la Mtangawanda je? Anayejenga gati atalipwa kutoka mfuko gani, na anayezoa mchanga mbele ya gati hilo ni nani? Nimekaa katika vikao ambamo maafisa wa pande mbili walielekezeana kazi hiyo kwa adabu kubwa, "karibu ninyi", "hapana, tafadhali ninyi", kama wageni wawili mlangoni, na mchanga ukizidi kujaa.

Hapo ndipo tulipoona nafasi. Ulikuja mswada mmoja wa fedha za barabara na kaunti kadhaa zikaandaa waraka wa maoni wa pamoja. Hii ndiyo njia ya kawaida: Baraza la Magavana liliundwa na sheria ya uhusiano wa serikali ya mwaka 2012, na sisi wa Pwani tuna Jumuiya yetu ya kaunti sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kaunti ndogo ikisema peke yake husikika kama nzi, ikisema na wenzake angalau watu hugeuka. Huo waraka haukuandaliwa na yeyote kati ya hao niliowataja, na ofisi iliyouandaa nitaistahi. Nilipewa siku tatu niandike sehemu yetu.

Niliandika mistari kumi na mmoja. Niliipima kila mmoja. Nilisema kwamba mahali ambapo usafiri wa umma wa kaunti ni wa majini, mgao wa kaunti uruhusiwe kutumika kujenga na kutunza magati, ngazi za kushukia, taa za alama na milango ya kupitia boti. Kwamba tozo hiyo tayari inalipwa na mashine za boti. Kwamba Katiba imekwisha sema vivuko na bandari. Niliweka namba ya kipengele. Nilimsomea Ami kwa simu, akanisahihisha mahali niliposema "taa" bila kusema upande gani zikae.

Waraka wa pamoja ulirudi umechapwa vizuri, nembo juu, kurasa tisa. Nilitafuta mistari yangu. Ukurasa wa sita, katikati ya sentensi kuhusu madaraja na makalvati, nikaikuta: "na miundombinu mingineyo".

Mistari kumi na mmoja imekuwa maneno matatu. Niliwapigia simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole kabisa, akaniambia, "Tumeweka neno la jumla ili kila kaunti ijione ndani." Nilishukuru nikakata. Tangu siku ile neno "mingineyo" nikilisikia popote, hata redioni kwenye tangazo la duka la vyombo, shingo hunisimama.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki: kila mtu, karani au mvuvi, ana haki ya kupeleka maoni yake moja kwa moja kwa kamati ya bunge, kifungu cha 118. Tangazo hutoka gazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na tarehe ya mwisho, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Nikasema basi tupeleke ya kwetu wenyewe, manahodha watie sahihi. Tulikusanyika barazani karibu na Mkunguni, watu kumi na wanne, na nahodha mmoja mzee aliyetia dole gumba akadai lisomwe mara mbili. Sahihi zikapatikana. Na hapa kosa ni langu mimi, silitupi kwa mtu. Tangazo lilisema siku saba. Mimi nikahesabu tangu siku niliyoliona, si tangu siku lilipochapishwa. Niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu kuhesabu siku za Gazeti! Nilituma asubuhi, siku mbili baada ya mlango kufungwa. Jibu lililokuja lilikuwa la mashine, likinishukuru kwa mchango wangu.

Ilinichukua wiki kumwambia Ami. Alisema, "Maji ya bamvua hayakungoji ufunge kamba," kisha akaniuliza kama nimekula.

Nisikufanye udhani mambo yote makubwa hupitia miswada. Kubwa kuliko yote lililotufika, mradi wa bandari na ushoroba wa LAPSSET wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, halikuanza na sheria iliyojadiliwa. Uzinduzi ulikuwa Machi 2012, marais Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia wakiwa hapa, kabla hata kaunti hazijazaliwa. Mamlaka ya kuusimamia iliundwa mwaka 2013 kwa amri iliyochapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Amri tu. Hakuna kusomwa mara ya kwanza, ya pili, wala kamati ya kuita watu. Wavuvi waliokosa mahali pa kusemea bungeni walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, wavuvi wapatao 4,600. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 huko Kililana, na mpango mzima ni wa magati 32.

Nililitoa funzo la kikazi hapo, nalo ni kavu: kanuni na amri zina madhara kuliko miswada, na watu hawazisomi. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu vyombo vya kisheria yataka waziri aziwasilishe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na bunge laweza kuzifuta. Dirisha hilo lipo. Ni dogo kama la choo, lakini lipo. Leseni ya nahodha, idadi ya makoti ya kuokolea, boti iruhusiwe kusafiri saa ngapi: haya hayamo katika sheria mama, yamo katika vikaratasi vya namna hiyo. Ningekuwa naanza kazi leo, ningeziacha hotuba za waheshimiwa nikasoma kanuni tu.

Watu huniuliza kama lami ya Garsen hadi Mokowe si ushahidi kwamba twasikizwa. Ni barabara nzuri. Waliosafiri zamani, basi likizama matopeni baina ya Gamba na Witu abiria wakalala humo, wanajua thamani yake. Lakini hiyo ni barabara ya taifa inayoishia ukingoni mwa maji. Ukishuka Mokowe na begi lako, lami imekwisha, na aliyebaki kukufikisha nyumbani ni mtu kama Ami.

Kazi ile niliiacha. Mazoea hayakuniacha. Ijumaa iliyopita nilikuwa botini natoka Mtangawanda, maji yamekwisha anza kupwa, nikafungua Gazeti kwenye simu. Kurasa mbili zikashuka, ya tatu ikaganda, mtandao wa Mkanda ndivyo ulivyo. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amekumbatia gunia la nazi na kuku wawili waliofungwa miguu. Ami akapunguza mashine, akaizima, akaiinua. Tulikuwa tumegusa.

"Yasemaje?" akauliza, bila kugeuka.

"Haijafunguka."

Akauchukua upondo, akausimika kwenye mchanga, akaegemea kwa kifua. Kijana wake alikuwa ameshakunja suruali.